Tulitambue Gugu Karoti, Tuling'oe Kabla Halijachanua



Mkulima anayejua shamba lake anayajua na magugu yake. Ndago, mbigili na kishona-nguo tumekua nayo. Lakini siku hizi lipo gugu geni, nalo ni gugu karoti. Asili yake ni bara la Amerika. Hapa Tanzania lilitambuliwa mkoani Arusha mwaka 2010. Tusilichezee, lina sumu.

TUTALIJUAJE?

Likiwa changa, majani yake hulala chini na kuzunguka kama sahani. Yamechanikachanika kama majani ya karoti, ndiyo maana likapewa jina hilo. Lakini chini halina karoti, lina mzizi tu. Baadaye hutoa shina lenye mifereji na vinywele. Likistawi linaweza kufikia kimo cha mtu. Juu huchanua maua meupe, mengi na madogo sana. Mbegu zake hazinasi nguoni kama za kishona-nguo.

LINA UBAYA GANI?

Mtu akilishika kwa mikono mitupu anaweza kuwashwa na kutoka vipele. Vumbi la maua yake huleta mafua na kumbana mwenye pumu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Bustanini hunyang'anya mazao maji na chakula cha udongo.

Tena huzaa upesi. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu hizo huchukuliwa na maji ya mvua, tope la magari, kwato za mifugo na majani ya kulishia.

TULING'OEJE?

1. Tuling'oe kabla ya maua. Tusingoje, kwani linaweza kuchanua katika wiki 4 hadi 8 tu.

2. Tuvae glavu. Kama hatuna, tufunge mikono kwa mifuko ya plastiki. Tuvae nguo za mikono mirefu na kufunga pua kwa kitambaa. Mwenye pumu asiifanye kazi hii.

3. Tung'oe udongo ukiwa na unyevu, mzizi wote utoke. Tukilifyeka tu, litachipua tena.

4. Likiwa limechanua, tulitie ndani ya gunia pale pale, mbegu zisimwagike. Likauke, kisha tulichome mbali na nyumba. Tusisimame kwenye moshi.

5. Tusilitie kwenye mboji wala kulisha mifugo.

6. Tunawe kwa sabuni, tufue nguo.

7. Kila baada ya mvua turudi kukagua. Mbegu hukaa udongoni miaka mingi.

Haya, kazi hii si ya mtu mmoja. Wewe ukipalilia na jirani akaacha, mvua ijayo italeta mbegu zake kwako. Hivyo tukague pamoja mashamba, njia na mifereji. Kama tuna shaka, tumwite bwana shamba au bibi shamba alione.

TUJADILIANE

1. Je, gugu hili limefika kijijini kwetu? Wapi?

2. Kwa nini tuling'oe kabla ya maua?

3. Nani atakagua kando ya barabara, na lini?