Mashine ya Espreso Nyumbani: Piga Hesabu Kabla Hujaweka PIN

Mwenzetu mmoja ofisini alifungua taarifa yake ya miamala akitafuta pesa ya stima ilienda wapi. Alichopata ni kahawa. KSh 350 hapa, KSh 350 pale, siku 22 za kazi: jumla KSh 7,700 kwa mwezi. Jioni hiyo akatuonyesha picha ya mashine ya espreso inayong'aa, bei KSh 150,000. "Hii itajilipa," akasema. Nusu ya pesa ingetoka kwa akiba ya karo ya Januari, nusu nyingine kwa mkopo wa simu.

Tulikaa naye tukapiga hesabu. Nawe ukiwa na hamu ya mashine kama hiyo, fuata hatua hizi.

1. Anza na taarifa yako, si na picha ya mashine

Pakua taarifa ya miezi mitatu na ujumlishe malipo yote ya kahawa. Kisha jiulize: vingapi kati ya vikombe hivyo ulinunua kwa sababu ya kahawa yenyewe, na vingapi kwa sababu ulikuwa unakutana na mtu? Mashine iliyo jikoni Rongai haitakusaidia ukiwa na mkutano Westlands. Hesabu vile tu ambavyo ungevinywa nyumbani.

2. Bei ya mashine si bei yote

Espreso nzuri inatoka maji ya moto yakisukumwa kwa presha ya takriban ba 9 kupita kwenye kahawa iliyosagwa laini sana. Kipimo cha kawaida ni gramu 18 za unga, zinazotoa gramu 36 hivi za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Usidanganyike na tangazo la "ba 15"; hicho ni kiwango cha juu cha pampu, si dalili ya kahawa tamu zaidi.

Kipimo hicho hukipati bila kinu kizuri. Unga ukiwa mkubwa, maji yanapita mbio na kahawa inakuwa chachu na nyepesi. Ukiwa laini kupita kiasi, inadondoka polepole na kuwa chungu. Wengi wanamaliza pesa kwenye mashine halafu wananunua kinu cha bei ya chini. Rahisi huvunja upishi. Tuseme kinu ni KSh 40,000: sasa uko KSh 190,000.

Ongeza pia matengenezo. Kama mnatumia maji ya kisima, angalia birika lako: ule ukoko mweupe ndani utajijenga kwenye mashine pia, na ni lazima uondolewe mara kwa mara. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16. Mashine ya Marekani inatumia volti 120, na stima yetu ni volti 240.

3. Kikombe cha nyumbani si cha bure

Pakiti ya gramu 250 inatoa vikombe 13 hivi. Ikiwa pakiti ni KSh 700, kahawa ni KSh 54 kwa kikombe. Weka maziwa na stima, tufike KSh 90. Kwa hivyo kila kikombe kinakuokolea KSh 260.

- Vikombe 22 kwa mwezi: mashine na kinu vinajilipa baada ya miezi 33 hivi.
- Vikombe 11 kwa mwezi: miaka mitano na nusu.
- Mko wawili, vikombe 44 kwa mwezi: miezi 17 hivi.

Na hapo hatujaweka fundi. Bei za kwako zitakuwa tofauti. Badilisha tarakimu, hesabu ni ile ile.

4. Pesa inatoka wapi?

Hapa ndipo mwenzetu alinyamaza. Tuseme unakopa KSh 100,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Ada peke yake ni KSh 8,000. Mashine inakuokolea KSh 5,720 kwa mwezi (vikombe 22 mara KSh 260). Yaani kila mwezi unaosongesha mkopo huo, unarudi nyuma, na bado hujagusa deni lenyewe.

Karo nayo ina tarehe. Kahawa haina. Kama unaipenda mashine, ifungulie akiba yake na uweke kidogo kidogo, mbali na pesa ya karo, kodi na dharura. Ukifika mwisho bado unaitaka, nunua bila wasiwasi. Kitu kinaweza kununuliwa kwa raha tu, mradi raha hiyo isilipwe na karo ya mtoto.

5. Ukiamua kununua, lipa salama

- Iangalie mashine ikifanya kazi kabla ya kulipa, hasa ya mtumba.
- Lipa kwa nambari ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Muuzaji akikuambia "tuma deposit kwa namba yangu", simama.
- Usitegemee kurudishiwa pesa. Aliyepokea akishatoa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu.
- Hifadhi ujumbe wa malipo na risiti. Uliza dhamana ni ya muda gani, na vipuri vinapatikana hapa nchini au la.

Na mwenzetu? Alinunua kinu cha mkono na birika dogo la moka la kuweka kwenye jiko la gesi. Si espreso kamili, kwa sababu presha yake ni ndogo, lakini kahawa ya Nyeri inatoka nzito na yenye harufu. Akiba ya karo haikuguswa. Ya mashine ameifungua, na kila Ijumaa anaweka bei ya vikombe ambavyo hakununua.

Leo jioni, pakua taarifa yako. Anza na hatua ya kwanza.