Vifungo vya diski: pima kwanza, nunua baadaye

MWENYE pikipiki kubwa anayesikia chuma kikigongana kwenye gurudumu la mbele kila anapogusa breki ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua diski nzima. Ya pili ni kubadili vifungo vya diski peke yake, tena nyumbani, bila kumlipa fundi. Kwa bei ya dukani njia ya pili huonekana nafuu mno. Lakini unafuu wa bei si lazima uwe faida, na kwa breki ya mbele hasara inaweza kuwa uhai wa mtu.

Somo la wiki hii ni hesabu hiyo: lini vifungo vipya ni akiba, na lini ni fedha iliyotupwa.

VIFUNGO NI NINI

Diski inayoelea ina sehemu mbili. Pete ya nje ni ya chuma, nayo ndiyo inayobanwa na pedi. Kitovu cha ndani, ambacho mara nyingi ni cha alumini, hufungwa kwenye gurudumu kwa bolti. Kati ya sehemu hizo kuna vifungo, yaani vipande vifupi vya mviringo ambavyo nusu yake hukaa kwenye pete na nusu kwenye kitovu. Nguvu yote ya breki hupita humo.

Sababu ya kuiacha pete ielee ni joto. Pete ya chuma yenye kipenyo cha milimita 320 ikipanda joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi, kipenyo chake huongezeka kwa karibu milimita moja. Kama ingekazwa kabisa kwenye kitovu ambacho hakijapata joto hilo, ingepinda. Vifungo huipa nafasi ya kutanuka na kujiweka sawa katikati ya pedi.

Pikipiki za mwendo mkubwa ndizo zenye diski za namna hii. Ducati 916 ya mwaka 1994 ilikuwa na diski za mbele za milimita 320, na Yamaha YZF-R1 ya 1998 ilikuwa na za milimita 298. Bodaboda za cc 100 hadi 150, kwa upande mwingine, nyingi zina breki za ngoma au diski ya kipande kimoja. Kwa hiyo mwenye pikipiki kubwa asitarajie kukuta vifungo vyake katika kila duka la spea la Kariakoo, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Mara nyingi huagizwa, na nauli pamoja na ushuru ni sehemu ya bei hata kama hazikuandikwa kwenye orodha ya muuzaji.

MLIO SI HUKUMU

Diski inayoelea kabisa hulia kidogo hata ikiwa mpya. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida yake. Kinachotisha ni pete kucheza kwa kuzunguka: kwenda mbele na kurudi nyuma huku kitovu kimetulia.

Jaribio lake halihitaji kifaa. Mtu mmoja hushika breki ya mbele na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma taratibu. Wa pili hugusa kwa kidole mahali pete na kitovu vinapokutana. Pete na kitovu vikisogea kwa kupishana, vifungo vimelika. Kidole kisiposikia kitu na bado kuna mgongano, huenda beringi za usukani zimelegea, na fedha ya vifungo isingetibu lolote.

Kinyume chake nacho hutokea. Vumbi la pedi hujaa kwenye vifungo hadi vinaganda, pete inashindwa kuelea, na mkono wa breki unapigapiga kidoleni. Kabla ya kununua chochote, diski isafishwe kwa dawa ya kusafishia breki na brashi laini. Kama kifungo kina tundu katikati, bolti yenye nati na washa mbili hupitishwa humo, hukazwa kiasi, kisha kifungo huzungushwa kwa spana hadi kilegee. Tiba hii haigharimu karibu chochote, na mara nyingine ndiyo pekee iliyokuwa inahitajika. Mdomo na pua vifunikwe, kwani pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto.

HESABU YENYEWE

Ikithibitika kuwa vifungo vimekwisha, swali la kwanza ni unene wa pete. Kiwango cha chini huwa kimechongwa kwenye diski yenyewe. Upimaji ufanywe kwa maikromita, mahali kadhaa kuzunguka pete. Vernia hudanganya hapa: diski iliyolika huacha ukingo nje ya njia ya pedi, na meno ya vernia hukaa juu ya ukingo huo yakasoma unene ambao haupo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Diski mpya ina unene wa milimita 5.0 na kiwango cha chini ni 4.5. Maisha yake yote, basi, ni milimita 0.5. Seti ya vifungo, pamoja na nauli na ushuru, tuseme inagharimu asilimia 40 ya bei ya diski mpya. Diski ikipimwa ikawa 4.8, imebakiwa na milimita 0.3, yaani asilimia 60 ya maisha. Mwenye pikipiki analipa 40 kupata 60. Hiyo ni biashara. Lakini ikipimwa ikawa 4.6, iliyobaki ni asilimia 20 tu. Hapo analipa 40 kupata 20, na baada ya muda mfupi atanunua diski nzima vilevile. Hiyo ni hasara iliyovaa nguo za akiba.

Kipimo cha pili ni matundu. Nusu-duara zilizochongwa kwenye pete na kwenye kitovu zikiwa zimetanuka au zimepigwa mabonde, kifungo kipya kitacheza kama cha zamani. Kipimo cha tatu ni unyoofu. Vitabu vingi vya huduma huruhusu diski kuyumba kati ya milimita 0.1 na 0.3, kutegemea mtengenezaji. Pete iliyopinda haiwezi kunyooshwa na vifungo. Ikishindwa hata kipimo kimoja, hesabu imefungwa: ni diski mpya.

KAZI YA NYUMBANI

Vifungo viko vya aina mbili. Vya klipu hufunguliwa kwa koleo la klipu, navyo vinafaa kwa fundi wa nyumbani mwenye subira. Vya ribiti vimegongwa na kupanuliwa mdomo kiwandani, na watengenezaji wengi huihesabu diski ya aina hiyo kuwa kitu kimoja kisichofunguliwa. Kuvitoa ni kutoboa mdomo wa ribiti kwa drili, hasa drili ya kusimama, bila kugusa pete wala kitovu. Baada ya hapo hakuna wa kulalamikiwa. Asiye na drili hiyo na mkono uliozoea aiache kazi.

Hatua ni hizi. Pikipiki isimamishwe imara na gurudumu litolewe. Kalipa ifungwe kwa kamba, isining'inie kwenye mpira wa breki, na mkono wa breki usiguswe wakati diski haipo. Diski ziwekwe alama ya kulia na kushoto. Kisha kifungo kimoja kitolewe na kipya kiwekwe mahali pake kabla ya kuhamia kinachokikabili upande wa pili. Kwa namna hiyo pete haipotezi mstari wake.

Kila kifungo kina mpangilio: kifungo, washa bapa, washa ya springi, klipu. Mpangilio wa upande wa kiwanda uchorwe kwenye karatasi kabla ya kufungua, maana seti hutofautiana. Klipu ya zamani isirudishwe kamwe. Grisi isipakwe, kwa sababu joto huiyeyusha na kuipeleka kwenye pedi. Vifungo vyote vya diski vibadilishwe pamoja. Kuchanganya vipya na vya zamani ni kuvibebesha vichache mzigo wa vyote.

Bolti za diski zirudishwe zikiwa safi, na gundi ya kuzuia kulegea, zikazwe kwa mpangilio wa msalaba kwa spana ya kipimo. Kiasi cha kukaza kisomwe kwenye kitabu cha pikipiki husika, si kubahatishwa. Diski ifutwe mafuta yote, gurudumu lirudishwe, kisha mkono wa breki upampiwe hadi uwe mgumu kabla pikipiki haijasogea hata hatua moja. Safari za kwanza ziwe za mwendo mdogo, kwa breki nyepesi nyepesi.

Wapo watakaoshawishika kupeleka kifungo cha zamani kwa fundi mkereza akachonge mfano wake. Umbo linaweza kufanana, lakini madini hayaonekani kwa macho. Kifungo kigumu kupita kiasi hula kitovu cha alumini, na laini kupita kiasi huisha mapema. Kifungo kikivunjika kikaachia pete, gurudumu la mbele linaweza kukwama ghafla. Hakuna bei ya spea inayolingana na hatari hiyo.

GHARAMA ZISIZOONEKANA

Anayefanya kazi hii nyumbani husema hakulipa ufundi. Si kweli. Saa zake zina thamani, na maikromita, koleo la klipu na spana ya kipimo vina bei. Kwa kazi moja katika miaka mingi, kuazima vifaa au kumlipa fundi anayejua kunaweza kuwa rahisi zaidi. Kwa mwenye pikipiki mbili au tatu, vifaa hivyo hujilipa.

Faida moja hupuuzwa. Vipimo vikiandikwa kwenye daftari, pamoja na tarehe, kilomita na unene wa kila diski, hubaki kuwa ushahidi. Siku ya kuuza, mnunuzi anayejua atausikia mlio wa diski na atautumia kushusha bei. Muuzaji mwenye daftari ana la kujibu. Na mnunuzi wa pikipiki iliyotumika naye anashauriwa kwenda sokoni na maikromita mfukoni, maana vifungo vipya vinavyong'aa vinaweza kuwa vimefungwa kwenye pete iliyokwisha kufa.