Mwenye Kuondoka Ugenini na Haki za Watu Zilizo Juu Yake

Tumeulizwa zaidi ya mara moja katika darsa zetu, na wenye kuuliza wote ni watu wa mwambao wetu huu walio na jamaa zao katika nchi ya Imarati: mtu aliyekaa Dubai au Sharjah miaka kadhaa, kisha akaazimia kurejea kwao moja kwa moja, ni mambo gani yampasayo kabla ya kuondoka? Na wengine wameongeza suala la pili, nalo ndilo lililotusukuma kushika kalamu: akiwa amekopa benki, au tajiri wake amemzuilia ujira wake, je, yafaa akate tikiti akaondoka kimya kimya, na yaliyo nyuma yakabaki nyuma?

Twaanza na hili la pili, kwani limeenea, na twalisikia likisemwa barazani kwa kicheko kana kwamba ni ushujaa. Husemwa kwamba benki ile ni ya riba, kwamba tajiri yule ni dhalimu, na kwamba nchi ile si yetu, wenyewe hawatujui wala hatutarudi tena. Ndugu zetu, tutazame alivyofanya Mtume (S.A.W.) alipoihama Makka mwaka 622. Makureshi walikuwa wamekwisha kupatana kumuua. Na hao hao, pamoja na uadui wao, walikuwa wameziweka mali zao kwake, kwa kuwa hawakumwona mwingine wa kumwamini mfano wake. Lau palikuwa na mtu mwenye udhuru wa kuondoka na mali za watu, basi ni yeye usiku ule, na Waislamu waliomtangulia Madina wamekwisha kuacha majumba na mali zao nyuma. Lakini alimwacha Sayyidna Ali bin Abi Talib katika mji wa hatari, akakaa siku tatu akimrudishia kila mtu amana yake, kisha ndipo akafuata, akamkuta Mtume Quba. Amana zile zilikuwa za washirikina, na za watu waliokuwa wakimtafuta roho yake. Basi ni hoja gani iliyobaki kwa mtu wa leo aliyekopeshwa kwa hiari yake na akatia sahihi kwa mkono wake?

Ama kuhusu riba, hapana shaka ni haramu, na aliyeingia humo ana tauba ya kuileta mbele ya Mola wake. Lakini uharamu wa ile ziada haukumhalalishia mtu rasilmali. Aya ya 279 ya Suratul Baqara, iliyo katika aya zenyewe zilizokuja kuikata riba, imewaachia wakopeshaji rasilmali zao, ili wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Asemaye kwamba amekimbia na fedha za benki kwa sababu ya kuchukia riba, na atuambie aliichukia lini: siku aliyotia sahihi, au siku ya kulipa?

Na yule aliyezuiliwa ujira wake ni mtu mwingine, na twamhurumia. Wanavyuoni wa madhhab yetu ya Shafi wana mas'ala iitwayo dhafar, yaani mwenye haki kuipata mali ya yule aliyemnyima, akachukua humo kadiri ya haki yake. Wameijuzisha kwa masharti yake, nao wamekhitalifiana kama ni lazima kwanza apeleke shauri kwa hakimu pale alipo na ushahidi. Watu wetu wameishika nusu ya mas'ala hii na kuiacha nusu. Kilichojuzishwa ni kuchukua haki yako kutoka kwa aliyekudhulumu, wala si zaidi yake hata dirhamu moja. Hakuna aliyejuzisha uichukue kutoka kwa benki isiyokuajiri, wala kutoka kwa jirani. Tena, twaona kwamba katika nchi ile yenye wizara ya kazi inayopokea mashtaka ya ujira, na ambapo mishahara ya makampuni hupitia benki ikaandikwa, njia iliyo salama kwa dini na kwa mwili ni mashtaka. Mwenye kulifungua sanduku la duka usiku akachukua alichoona ni chake huamka na kesi ya wizi, na haki yake iliyokuwa wazi ikafunikwa.

Basi yatupasa tuzijue haki zetu zenyewe, kwani wengi huziacha kwa kutojua. Kwa sheria ya kazi ya Imarati nambari 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi hupata malipo ya mwisho wa utumishi: ujira wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Hesabu hufanywa kwa mshahara wa asli, si pamoja na posho ya nyumba na usafiri. Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara wa asli wa dirhamu 2,000 aliyetumika miaka 7. Siku 21 zake ni dirhamu 1,400, mara 5 ni 7,000, na miaka 2 iliyobaki ni 4,000, jumla 11,000. Na sheria imempa tajiri siku 14 tangu kwisha kwa mkataba awe amekwisha kulipa. Watumishi wa majumbani wana sheria yao mbali, wala wasijipimie kwa hii. Lakini dada zetu walio katika majumba wafahamu kwamba tajiri kuzuia pasi ya mtumishi ni jambo lililokatazwa huko, na kwamba ubalozi wetu uko Abu Dhabi.

Hapa pana mtego tupendao kuutaja. Wakati wa kufuta kibali cha kazi, mtu huletewa karatasi atie sahihi kwamba amepokea haki zake zote. Wengi hutia sahihi kabla ya kupokea, kwa kuahidiwa kwamba fedha zitakuja kesho. Karatasi ile ni iqrari. Na iqrari humlazimu mwenyewe katika sheria za Kiislamu na katika mahakama zao pia. Kutia sahihi kwamba umepokea, nawe hukupokea, ni kusema uwongo na kujidhulumu kwa kalamu moja. Zihesabu fedha kwanza.

Imam Nawawi, alipozitaja adabu za mwenye kusafiri kwenda Hija, amemtaka alipe madeni yake, arudishe amana, awatake radhi aliotangamana nao, aandike wasia na kuushuhudisha, amweke wakili wa kumlipia asilowahi kulilipa, na awaachie walio chini yake matumizi yao. Aliyeandika hayo alikufa mwaka 1277, nasi hatujaona karatasi ya leo iliyokusanya zaidi. Na fuqahaa wamesema kwamba mwenye deni lililokwisha kuwiva hana ruhusa ya kusafiri ila kwa idhini ya mdai wake. Likiwa muda wake haujafika, hazuiliki. Basi asishangae mtu akizuiwa uwanja wa ndege kwa amri ya mahakama ya deni, akadhani ni uonevu wa Waarabu. Asli ya hukumu hii imo katika vitabu tunavyovisoma wenyewe.

Tukiyaleta hayo katika mambo ya Dubai, mwenye deni la benki aiendee benki yake kabla ya kuacha kazi, si baada. Malipo ya mwisho yakiingia katika hesabu ya mwenye mkopo, benki huenda ikayazuia yote, naye akabaki hana hata ya chakula. Akilipa, aidai barua ya kuonyesha kwamba hadaiwi kitu, wala asitosheke na maneno ya karani. Mwenye nyumba aliyepewa hundi za tarehe za mbele azirudishe zile ambazo siku zake hazijafika. Hundi iliyosahauliwa ndani ya saraka ya mtu ni deni linalongoja. Zamani hundi isiyo na fedha ilimpeleka mtu jela huko. Tangu Januari 2022 mambo yamelegezwa, lakini mwenye hundi aweza kwenda nayo moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji pasina kesi ndefu. Maji na umeme vikatwe na amana yake idaiwe, na gari iuzwe na kuhamishwa jina baada ya kulipwa faini zake. Aliyewadhamini mke na watoto afute vibali vyao kwanza, ndipo kifutwe chake. Na laini ya simu iwe ya mwisho kabisa.

Mwenye duka ana kazi kubwa zaidi. Wako waliofunga mlango, wakampa mtu ufunguo na kusafiri, wakidhani leseni itakufa yenyewe mwaka ukipita. Haifi hivyo, faini hujilimbikiza juu ya jina lake na la mshirika wake. Kampuni ya ubia katika Dubai hufungwa kwa kuwekwa mwenye kukata hesabu, kufuta vibali vya wafanyakazi, na kutangaza ili mwenye dai ajitokeze katika muda wa siku 45. Tangazo hili latukumbusha habari ya Zubeir bin Awwam, iliyopokewa na Bukhari. Watu walikuwa wakimletea mali awawekee, naye hukataa kuipokea kama amana, husema iwe ni mkopo juu yake, kwa kuogopa isipotee mikononi mwake nao wakakosa. Alipouawa mwaka 656 aliacha deni la 2,200,000. Mwanawe Abdalla alilipa, akiuza ardhi ya Ghaba kwa 1,600,000. Warithi wakamtaka awagawie kilichobaki, naye akakataa mpaka apige mbiu msimu wa Hija, miaka minne mfululizo, kwamba mwenye kumdai Zubeir na aje alipwe. Miaka minne! Nasi twaona siku 45 ni nyingi.

Madogo hudharauliwa, na ndiyo yaletayo ugomvi mrefu. Mtu ameingia mchezo wa watu 10, akapewa zamu ya pili, akaondoka mwezi wa nne. Hili ni deni la miezi 6 juu ya shingo yake, na wadai wake ni maskini wenzake. Ama alipe yote kabla, ama amweke badili kwa ridhaa yao wote. Na mwenye kuwekewa vitu vya mwenzake, avirudishe kwa mwenyewe au wakili wake. Akikosekana, kwa kadhi. Na pasipo kadhi, kwa mtu mwaminifu. Akisafiri navyo hali ya kuweza kuvirudisha, vikapotea, Shafi wanamdhaminisha. Na mizigo ya kupelekewa watu nyumbani ni amana vilevile, lakini ifunguliwe mbele ya mwenyewe kitu kimoja kimoja. Mwenye kukataa mzigo wake ufunguliwe, asichukuliwe mzigo wake, hata akiwa ni mjomba.

Aliyeoa huko asiondoke akamwacha mwanamke hana habari, si mke si mtalaka. Ama aende naye, ama amwekee matumizi yake kwa mapatano wanayoyajua wote wawili, ama amwache kwa wema, ampe mahari yake iliyobaki na karatasi yake, na vyeti vya watoto viwe mikononi mwao.

Limebaki suala la yule aliyekwisha kurudi, naye yuko kwao miaka kadhaa na deni li kulekule. Rukhsa ya kunyamaza hatukuiona. Na aandike, apige simu, amtume aendaye. Akiwa hana, awaeleze wadai hali yake na kuomba muda, kwani aya ya 280 ya Suratul Baqara imemwekea mwenye dhiki haki ya kungojewa; kungojewa huko ni kwa mwenye dhiki, si kwa aliyejenga ghorofa kwa fedha hizo. Mdai akiwa amekufa, haki ni ya warithi wake. Na asiyejulikana kabisa alipo, wala warithi wake, baada ya kutafutwa kwa kweli, basi mali yake ipelekwe kwa kadhi mwaminifu, au itolewe sadaka kwa niaba yake, kwa nia kwamba akitokea siku moja atalipwa chake.