SOMO LA MWEZI: Kufikisha Mtandao Kwenye Chumba cha Gemu



Somo hili limetokana na swali la kikundi kimoja cha vijana hapa Ndalu. Wana chumba cha mabati na mashine moja ya PlayStation 4, watu wanalipa na kucheza. Intaneti ni ya kina mama wa cherehani, ambao duka lao liko ng'ambo ya uwanja, hatua kama 40. Dukani waifai ni nzuri. Kwa vijana inakuja ikipotea. Walikuwa karibu kutoa akiba yote ya kikundi walipie laini yao wenyewe. Tuliwaomba wangoje kidogo.

Kwanza tuulizane, mtandao ni wa kazi gani? Wateja wawili waliokaa benchi moja wanacheza bila intaneti kabisa. Inahitajika kuleta marekebisho ya gemu, au kushindana na mtu aliye mbali, sema Kitale au Bungoma mjini. Na kushindana huko, kwa gemu nyingi za kununuliwa, kuna ada nyingine ya kulipa Sony, mbali na ile ya intaneti. Hilo vijana hawakuwa wanalijua.

Kama bado mnauhitaji, kuna kifaa kinachoitwa daraja la mtandao. Ni kisanduku kidogo kinachoshika waifai ya ruta na kuitoa kwa waya mpaka kwenye mashine. Ni kama bomba kutoka chemchemi: halizidishi maji, linayafikisha tu. Intaneti ya dukani ikiwa hafifu, daraja halitaiponya. Lakini shida ya vijana ilikuwa mabati, maana mabati hurudisha mawimbi nyuma, na antena ya mashine iko ndani yake huwezi kuisogeza. Daraja unaliweka dirishani likitazama duka. Ruta nyingi ndogo zinaweza kufanya kazi hii, hata iliyotumika. Muulize fundi aiwashe uone kabla hujatoa pesa.

Kuunganisha si kugumu. Fungua ukurasa wa mipangilio wa daraja, chagua kazi ya kupokea waifai, tafuta jina la waifai ya dukani, andika neno la siri.

Vijana walikwama siku mbili kwenye anwani. Ruta ilikuwa 192.168.1.1, na daraja lilitoka kiwandani na namba hiyo hiyo. Ni kama ploti mbili zenye namba moja, mgeni hajui abishe wapi. Tulilipa daraja 192.168.1.250, baada ya kuhakikisha kwamba ruta haigawi namba hiyo kwa simu za watu. Pia tulizima kazi ya daraja ya kugawa anwani, ruta igawe peke yake. Kisha washa ruta kwanza, halafu daraja, mashine mwisho. Kwenye mashine chagua kutumia waya, upime muunganisho.

Kijana mmoja aliuliza, si tuvute tu waya juu ya uwanja? Hapana jamani, radi ya huku mnaijua. Hata waya huu mfupi wa ndani, mvua ikianza kunguruma, uchomoeni pamoja na ule wa stima.

Sasa jambo lililoleta maneno. Kucheza kwenyewe kunakula data kidogo, lakini gemu moja ikishushwa yaweza kupita gigabaiti 50. Wiki ya kwanza mashine ilijishushia marekebisho mchana, na kina mama wakashindwa kupokea oda za sare kwa simu. Walikasirika, na tunaona walikuwa na haki. Tulikaa nao chini ya mti: vijana wakazima kule kujishushia, wakakubali kushusha usiku tu, na kuchangia malipo ya kila mwezi. Neno la siri linabaki kwa mwenyekiti wa kina mama.

Jadilini kikundini: Chumba chenu kinaingiza kiasi gani kwa wiki, stima ikishatolewa? Ni nani atakayelipa mwezi ambao wateja wamekwenda kuvuna mahindi? Na mtoto wa shule akija saa nne asubuhi, nani atamwambia arudi darasani?