Jinsi ya Kuipatia Waithaka Bustani ya Umma

Usianze na miche. Miche ndiyo rahisi, na ndiyo inayopigwa picha. Ardhi isiyojulikana ni ya nani hupandwa miti Jumamosi na kuzungushiwa mabati kabla ya mvua nyingine.

Hatua ya 1: Tafuta kiwanja. Katikati ya jiji la Nairobi walirithi bustani. Jeevanjee Gardens ilitolewa na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Uhuru Park ilifunguliwa 1969. Dagoretti, iliko Waithaka, ilikuwa mashamba ya familia, na warithi wamegawana hadi yakawa ploti. Kwa hiyo tafuta kilichosalia: kipande kando ya soko, ardhi iliyotengewa umma ploti zilipokatwa, ukingo wa mto. Ukingo usiudharau. Michuki Park ilikuwa jaa la taka kando ya Mto Nairobi hadi ilipoanza kufufuliwa 2008.

Hatua ya 2: Uliza kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Iulize City Hall, makao ya serikali ya kaunti, namba ya kiwanja, kimesajiliwa kwa jina la nani, na kilitengewa matumizi gani. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, hizo siku 21 utazihesabu kuanzia wapi?

Hatua ya 3: Wahi bajeti. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti bustani za umma, basi bisha kwa mwakilishi wadi, si kwa mbunge. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini anayekuja Juni amechelewa. Mpango wa maendeleo hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Peleka barua Julai au Agosti. Kikao cha maoni ya umma kikiitishwa, nendeni wengi, na mhakikishe namba ya kiwanja imeandikwa kwenye kumbukumbu.

Hatua ya 4: Omba mafungu mawili. Hapa ndipo bustani nyingi hufia. Ua, taa na vyoo hulipiwa na fedha za maendeleo. Mlinzi, maji na mkata nyasi ni matumizi ya kawaida, fungu jingine kabisa. Utepe ukishakatwa, hilo la pili halina wa kulipigania. (Choo kisicho na maji, afadhali kisijengwe.)

Hatua ya 5: Sajilini kikundi cha kuitunza bustani. Fagieni, pandeni sasa hiyo miche, ripotini taa zilizokufa. Funguo za lango na ada za kiingilio msizishike. Huko ndiko vikundi hugeuka wenye mali.

Mabati yakianza kusimama, wasilisheni ombi rasmi kwa bunge la kaunti, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwanamazingira Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 Uhuru Park mwaka 1989, aliandika barua nyingi. Nakala zenu zenye muhuri ziwekwe kwenye nyumba mbili tofauti.