Pigo la Besiboli Laanzia Mguuni

Wanafunzi wengi, waonapo mchezo wa besiboli au softiboli kwa mara ya kwanza, hudhani kwamba mpigaji mzuri ni yule mwenye mikono minene. Humpa gongo kijana wa kifua kipana, naye hulivurumisha kwa nguvu zake zote. Mpira wapita, yeye azunguka kama pia. Kisha aja mtoto mwembamba, apiga pigo moja, na mpira waruka mpaka ukingoni mwa uwanja. Watu husema amebahatisha. Napenda kueleza hapa kwa nini hakubahatisha.

Asiseme mtu kwamba mchezo huu ni wa Wamarekani na Wajapani peke yao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mji ulioko mashariki ya Kampala katika Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano makuu ya dunia ya Little League huko South Williamsport, Marekani. Walifungwa na Panama na Mexico, lakini walipokutana na watoto wa Gresham, jimbo la Oregon, waliwashinda 3 kwa 2. Dar es Salaam nako, katika sekondari ya Azania, umejengwa uwanja wa besiboli kwa msaada wa Wajapani. Kwetu Darakasi hakuna uwanja wala gongo la dukani. Kuna ufuo, na maji yakitoka kuna mchanga mgumu, ambao una kazi yake katika somo hili kama nitakavyoonyesha.

Kwanza tuhesabu wakati. Katika besiboli ya watu wazima, tangu pale asimamapo mtupaji hadi kituo cha mpigaji ni meta 18.44. Mpira wa mtupaji hodari huenda kilometa 145 kwa saa, yaani kama meta 40 kwa sekunde. Tena mtupaji hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuuachia, hata mpira hufika kwa muda wa sehemu 4 tu katika 10 za sekunde. Pigo lenyewe, tangu gongo lianze kwenda mpaka likutane na mpira, lachukua kama sehemu 15 katika 100. Basi mpigaji ana robo ya sekunde ya kuutazama mpira na kukata shauri. Katika softiboli ya wanawake mpira ni mkubwa zaidi, hutupwa kwa mkono utokao chini, na mwendo wake si mkali kama ule. Lakini mtupaji asimama karibu, meta 13.11, na wakati wa mpigaji huwa karibu sawasawa. (Wavulana wanaowacheka dada zao kwa kucheza mpira mkubwa wafanye hesabu hiyo kwanza.)

Mtu anayetegemea mikono hana budi kulianza pigo mapema, kabla hajaujua mpira, kwa kuwa mikono peke yake yachelewa kulipa gongo kasi. Hapo ndipo kijana wetu wa kifua kipana ashindwapo.

Mtu wa pwani aweza kuelewa jambo hili upesi akimtazama mtupa kimia. Ami yangu ni mvuvi, wala si mtu wa misuli, lakini kimia chake hufunguka duara kamili. Miguu yake imara majini, magoti yamekunjwa kidogo. Hujipinda nyuma, kisha nyonga zaanza kurudi, kifua chafuata, mabega yafuata, na mikono huja mwisho, huku risasi za kimia zikivutwa nyuma ya vyote. Anayeanza kujifunza hutupa kwa mikono tu, na kimia huanguka kama shuka iliyolowa.

Mpigaji wa besiboli hufuata utaratibu huo huo. Tumchukue yule wa mkono wa kulia. Ubavu wake wa kushoto wamwelekea mtupaji, miguu imepanuka kupita mabega kidogo, na uzito zaidi uko mguu wa nyuma. Mpira utokapo, mguu wa mbele wapiga hatua fupi na kisigino chakanyaga. Nyonga zaanza kugeuka kumkabili mtupaji, lakini mikono bado imebaki nyuma karibu na bega. Kwa kitambo hicho mwili umesokotwa kama kamba. Ukisokotoka, mabega huvutwa, kisha mikono, na mwisho gongo, kila kiungo kikienda kasi kuliko kile kilichokitangulia.

Lakini kwa nini mguu wa mbele unyooke na kukaza? Aliyesafiri kwa dau ajua. Dau likipanda fungu ghafla, chombo husimama, lakini abiria hurushwa mbele. Mguu wa mbele ndio fungu. Usipokaza, mwili wote wateleza kumfuata mpira, na kasi iliyotoka nyongani hupotea njiani.

Mikono nayo ikae karibu na kifua mpaka dakika ya mwisho. Funga kijiwe kwenye uzi, ukizungushe, kisha uache uzi ujizongoe kidoleni: kadiri uzi ufupikavyo, ndivyo kijiwe kizungukavyo upesi. Anayenyoosha mikono mapema ameurefusha uzi wake kabla ya wakati.

Juu ya uzito wa gongo pana ubishi mwingi. Nguvu ya mwendo hukua kwa kadiri ya uzito, lakini kasi huhesabiwa mara mbili. Gongo likiongezwa uzito kwa sehemu 1 katika 10, kasi ikabaki ile ile, nguvu yaongezeka sehemu 10 katika 100. Kasi ikiongezwa kwa kiasi hicho, nguvu yaongezeka 21. Kwa hiyo yafaa kuchukua gongo unaloweza kulipeleka upesi. Mkoko tulio nao kwetu ni mti mzito. Ukiuchonga, uwe mwembamba mshikoni. Mpira nao ugongwe kama sentimeta 15 kutoka nchani, ambapo mikono haihisi mtetemo. Ukigonga karibu na mshiko, viganja vitakuambia.

Zamani walimu wengi walifundisha kulipiga gongo kuelekea chini, kama mtu apasuaye kuni. Ted Williams, ambaye mwaka 1941 alipata wastani wa .406, alilipinga wazo hilo, nami naona hoja yake ni nzuri. Mtupaji wa besiboli husimama juu ya kichuguu cha sentimeta 25, tena mpira huvutwa chini na uzito wake, hata hufika ukishuka. Gongo linalopanda kidogo huwa katika njia moja na mpira kwa muda mrefu zaidi. Lile linaloshuka huikata njia hiyo mahali pamoja tu.

Sasa mchanga. Maji yakitoka, simika mti na utundike mpira wa matambara kwa kamba, usawa wa kiuno. Watu wote wakae mbali, maana gongo huponyoka. Simama penye mchanga mbichi, upige mara moja, uondoke polepole, kisha usome nyayo zako. Mguu wa nyuma ukiwa umechimba kishimo cha mviringo kwa vidole, na kisigino kimeinuka, nyonga zimefanya kazi. Wayo ukikutwa umelala mzima kama ulivyokuwa kabla ya pigo, umepiga kwa mikono. Wayo wa mbele uwe umezama na kingo zake zi safi. Ukiwa umeburuzika, fungu lako limeteleza. Mwenzako naye akutazame kichwa, kwa sababu kikiyumba macho huupoteza mpira, na hilo mchanga hauwezi kukuonyesha. Baada ya kila pigo sogeza mti hatua 2, usimame penye mchanga mpya.