Mazoezi ya Viungo Shuleni

Wazee wengi hunung'unika waonapo watoto wao wakirukaruka uwanjani saa za masomo. Husema, "Mtoto nimempeleka shule apate kusoma; kukimbia alikwisha kujua tangu alipokuwa akichunga mbuzi." Neno hili si la kubezwa, maana mtoto achotaye maji na kulima hana uvivu wa mwili. Walakini liko jambo ambalo twaona halijafikiriwa.

Kazi ya jembe hutumia viungo vile vile kila siku, mgongo umeinama na mikono iko mbele. Mazoezi ya shuleni huvitafuta vile vilivyosahauliwa: hunyosha mgongo, hupanua kifua, humfundisha mtoto kusimama kwa mguu mmoja asianguke, na kutua chini huku magoti yamekunjwa kidogo ili asiumie. Moyo nao ni msuli, na mtoto akikimbia hata ukapiga upesi, hupata nguvu kwa kuzoezwa kama mkono upatavyo. Kadhalika mifupa hukazana sana katika miaka ya kukua. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lilisema kwamba watoto wa miaka 5 hata 17 yafaa wapate mazoezi ya kutweta, wastani wa dakika 60 kila siku, na yale ya kukaza misuli na mifupa siku 3 kwa juma angalau.

Hati ya UNESCO ya mwaka 1978 iliyataja mazoezi ya mwili na michezo kuwa haki ya kila mtu. Basi msichana je? Mara nyingi wavulana hupewa mpira, naye hupewa ufagio. Jambo hili halitupendezi hata kidogo. Mifupa yake yakua vile vile, na tena yeyote aliyewaona wasichana wakicheza rede ajua wepesi wao.

Kwa walimu tuna neno zito zaidi. Wako wamwadhibuo mtoto kwa kumzungusha uwanja mbio, kisha wastaajabu akichukia kipindi cha mazoezi! Wengine hukitwaa kipindi hicho kwa hesabu mtihani ukaribiapo, ingawa watoto waliokwisha kunyosha viungo hutulia vizuri zaidi darasani. Ukosefu wa vyombo si udhuru: kamba ya katani na mpira wa matambara vyatosha. Lakini mwalimu na achague saa za asubuhi, jua halijawa kali. Asimkimbize mtoto aliyeshinda na njaa. Naye mwenye pumu au selimundu asishindanishwe na wenzake, bali apewe zoezi la kiasi chake, na maji ya kunywa yawe karibu.

Wakubwa wa vijiji twawaomba waupime uwanja wa shule na kupanda miti mipakani, kabla shamba la jirani halijaingia ndani yake.